Kongelateri Tatu za Mwalimu Édouard

Kwa miaka mingi Odile alimheshimu mume wake kwa sababu ya gunia moja la chumvi.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile mji wa Kindu ulipofungwa kama chungu kilichowekewa kifuniko. Treni ilikoma kuja, nyasi zikaota katikati ya reli, mbuzi wakawa wanalisha stesheni. Wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa nje ya mji, askari wa waasi walikuwa ndani, na mkulima aliyethubutu kwenda shambani kwake hakujua ni nani kati ya hao angemuua. Watu walikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi. Wazee waliokumbuka mambo ya zamani walichoma majani ya mtoni, wakachuja jivu lake, na maji yale machungu ndiyo yaliyotiwa mbogani. Chumvi ya kweli ilikuja kwa ndege tu, pamoja na sabuni na risasi, na aliyekuwa nayo alikuwa kama sultani.

Mama Espérance alikuwa nayo. Alikuwa na meza ndefu sokoni na ghala nyuma yake, na watu walimwamkia kwa kuinama kidogo. Siku moja mwalimu kijana aitwaye Édouard, ambaye serikali ilikuwa imesahau kumlipa na ambaye sasa alikula kwa kusukuma baiskeli iliyobeba mafuta ya mawese, alinunua kwake gunia la unga wa mahindi. Watu wa ghalani wakakosea. Wakampa gunia lililofanana na lile, lakini ndani yake ilikuwa chumvi.

Kesho yake, soko likiwa limejaa, Édouard alirudi amebeba gunia kichwani, akalitua mbele ya meza na kusema kwa sauti yake ya darasani, "Mama, mulikosea. Miye nililipa unga."

Watu walimwita mjinga. Mwanamke mmoja aliyekuwa amezika mtoto juzi alimtukana, akasema mwenye njaa anayerudisha chakula analaani wenye njaa wote. Lakini Odile, msichana wa midomo iliyopasuka aliyekuwa akiuza mafungu ya sombe hatua chache kutoka hapo, alimtazama yule kijana mwembamba mwenye jasho shingoni, akasema moyoni kwamba huyu ndiye mwanaume. Baba yake, Michel, fundi wa reli asiyekuwa na reli, alisema hivyo hivyo nyumbani, kwa maneno mengi zaidi. Édouard alipoleta posa hakuna aliyemuuliza ana nini.

Wakaoana. Vita ikaisha kwa namna yake, treni ikarudi kwa namna yake, nao wakamzaa Yannick, ambaye siku hizi anafanya kazi Lubumbashi. Édouard akawa mkuu wa shule ya msingi, kisha akastaafu, akawa mshauri wa parokia na mtu wa kuitwa penye ugomvi wa viwanja. Kasoro zake Odile alizijua zote. Alichukua kichwa cha samaki kabla mgeni hajanawa. Aliwasemesha Kifaransa watu ambao hawakukijua, kisha akawangojea wajibu. Kila mwenzake alipopata kitu yeye alijua kilikopatikana, na kila mara kilipatikana vibaya. Odile alimsamehe yote. Kila alipokaribia kumdharau, aliliona tena lile gunia likitua mbele ya meza ya Mama Espérance, na dharau ikarudi ilikotoka.

Odile mwenyewe aliuza samaki. Aliwapokea asubuhi kwenye kivuko, kapitene na kambale waliotoka Lokandu kwa mtumbwi, akawapeleka sokoni kwa mabeseni. Adui wake alikuwa jua. Samaki ambaye hakuuzwa kabla ya adhuhuri alishuka bei, na aliyefika saa kumi alikwenda kwenye moshi au kwa mbwa. Umeme wa mji ulikuja kama mgeni wa kushtukiza na kuondoka bila kuaga. Kwa hiyo lori lilipofika ng'ambo ya mto, Alunguli, limetoka Kisangani kwa njia ya Lubutu likiwa limepakwa tope hadi madirishani, na mtumbwi wa injini ukavusha masanduku matatu makubwa yenye jina la Édouard, Odile alisimama ukingoni asiamini. Zilikuwa kongelateri tatu za kugandishia samaki, kila moja na kioo chake cha kunasa nguvu za jua.

"Ni promosheni," Édouard alisema. "Nilipata kwenye simu, duka moja la Kisangani. Lazima mutu akuwe macho."

Odile hakuuliza zaidi. Kongelateri moja iliwekwa sebuleni, kioo chake kikapandishwa juu ya bati, na jioni ile ile ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba. Ya pili Édouard alimuuzia Blanchard, mwenye baa, ambaye pia alikuwa mtetezi wa kesi mbele ya mahakama ndogo na hivyo aliitwa Maître, kama wakili wa kweli, na watu waliokunywa kwa deni. Ya tatu aliiuza parokiani. Aliwauzia kwa bei aliyoiita bei ya upendo, na Padri Zéphirin akamshukuru mbele ya waumini.

Juma lile Odile aliishi kama malkia. Kambale wa Jumanne aliuzwa Alhamisi na bado jicho lake liling'aa. Wateja walizoea kumnyanyasa saa tano ikifika, wakijua kwamba jua liko upande wao. Sasa aliwaambia bei moja, na wasipoitaka akawaacha waende zao. Alilala vizuri. Hata alimpikia Édouard kichwa cha kapitene bila kuombwa.

Alijua ukweli siku ya Ijumaa mchana. Alikuwa amerudi mapema kuchukua samaki wengine, akawakuta Édouard na Blanchard uani, bia mezani, simu imesimamishwa kwenye chupa. Walikuwa wanasikiliza ujumbe wa sauti. Aliyesema alikuwa kijana mwenye kigugumizi.

"Papa Mwalimu, ni Mar... Mardochée tena, wa dukani Kisangani. Ninaomba samahani kwa kuwasumbua. Kosa ni yangu miye. Ile bei niliandika pale Siku ya Mungu, nilisahau sifuri moja. Ilikuwa dola mia tisa, nikaandika ti... tisini. Munapoona sasa, wengine wanne walinunua vile, wote wamekubali kurudisha. Patron anasema tutalipa ile transpoti, na makuta yote mulilipa itarudi. Kama moja mumeisha kuitumia, basi murudishe mbili. Ninabakia hapa ninangojea jibu yenu. Mungu awabariki."

Blanchard alibonyeza simu, akairudisha nyuma kidogo, ile "ti... tisini" ikasikika tena. Wakacheka wote wawili. Kisha Édouard, aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka zaidi ya thelathini na aliyejua vizuri kigugumizi kinavyomtesa mtoto mbele ya wenzake, alijaribu kuiga. "Ti-ti-ti-tisini," alisema. Akaipata vizuri. Mwalimu huiga vizuri.

"Usijibu," Blanchard alimshauri. "Ukijibu umekubali kuna maneno. Kisheria muuzaji alisema bei, mununuzi akalipa, mali ikafika. Imekwisha. Hata Kinshasa hawawezi kukugusa."

Odile alitua beseni. Blanchard alimwamkia, akamaliza glasi yake kwa haraka isiyo ya kawaida yake, akaaga. Waliobaki uani ni mke na mume, na chupa.

"Papa Yannick," Odile alisema, "ulijua ni kosa?"

"Mutu yote mwenye akili angejua. Kongelateri bei ya mbuzi?" Alilisema hilo kwa fahari. "Ulifikiri juu ya nini nilinunua tatu?"

"Na yule kijana?"

"Yule iko na patron, na patron iko na duka. Hawa matajiri wa Kisangani walituuzia bati mbovu, walituuzia dawa ya chaki, nani aliturudishia? Mungu amefungua mulango mara moja, wewe unataka nifunge juu ya kijana mwenye ulimi nzito? Cha mulevi huliwa na mugema."

"Huyu hakulewa. Alikosea."

"Basi ajifunze."

Odile aliketi kwenye kiti alichoacha Blanchard. Bado alikuwa na matumaini. Alisema polepole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake, "Wewe ndiyo ulirudisha chumvi ya Mama Espérance. Soko nzima walikucheka. Ulikuwa na njaa, na ukairudisha."

Édouard alimtazama kwa mshangao, kisha uso wake ukalegea ukawa na upole fulani, ule upole wa mtu mzima anayegundua kwamba mtoto bado anaamini hadithi za sungura.

"Mama Yannick. Wewe uliendelea na ile mpaka leo?"

"Ile nini?"

"Commandant wa waasi alikuwa analala kwa Mama Espérance. Watu wote wa mutaa ya Kasuku walijua, miye sikujua. Nilifikisha gunia nyumbani, nikafungua, nikaona chumvi, nikapiga magoti nikamushukuru Mungu. Halafu jirani akaniambia, we mwalimu, ile gunia iko na mwenyewe, na mwenyewe iko na bunduki. Mutu mumoja wa mutaa ya Mikelenge walimukata masikio juu ya kasha ya sabuni. Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikaipeleka sokoni mbele ya watu wote, ili kama wataniua, kukuwe mashahidi."

Alicheka kidogo. Ilikuwa hadithi nzuri, na alijuta hakuwahi kuisimulia.

"Na sikurudisha yote," aliongeza. "Mbele ya kuipeleka nilitoa bakuli mbili, tatu, nikashona mudomo wa gunia. Ile chumvi nililetea mama yako siku ya posa, ulifikiri ilitoka wapi?"

Odile aliikumbuka siku ile. Chumvi ilikuwa imefungwa katika kitambaa cheupe. Mama yake alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho, machozi yakashuka bila sauti. Walipika sombe, na ukoo mzima ukaja, na kila aliyekula alisema, kijana huyu ni mwaminifu, aliyeweza kupata chumvi kwa njia halali nyakati hizi. Yeye mwenyewe alikula mpaka tumbo likauma. Sasa, akiwa na mvi, ladha ile ilimrudia mdomoni, akatamani kutema.

Hakukasirika, na hilo lilimshangaza. Hasira ingekuwa heshima. Mtu humkasirikia yule ambaye bado anatarajia kitu kwake. Alichokiona mbele yake kilikuwa mzee mwenye povu la bia kwenye sharubu, ambaye maisha yake yote alikuwa mwema pale tu palipokuwa na bunduki.

"Yule wa Kisangani hana commandant," alisema.

"Hana," Édouard alikubali, akifurahi kwamba mke wake hatimaye ameelewa sheria.

Jumamosi Odile alikwenda kwanza baani. Blanchard hakumwacha amalize maneno. Alimwonyesha kongelateri yake imejaa chupa mpaka kifuniko, akasema, "Mama, miye nilinunua kwa bwana yako, na karatasi iko. Kosa ya mutu wa pili haivuke muto kunitafuta." Kisha akampa soda ya bure, baridi kabisa, naye Odile akaiacha mezani bila kuigusa.

Alikwenda parokiani. Padri Zéphirin alimsikiliza vizuri, mikono imekunjwa, akitikisa kichwa mahali panapostahili. Alisema hilo ni jambo la dhamiri. Alisema dhamiri ni kitu kirefu. Alisema pia kwamba parokia ilinunua kwa nia njema, kwamba bei haikuwa ndogo, kwamba wageni wa jimbo watafika Jumapili ijayo na nyama yao tayari imo ndani, na kwamba kuitoa sasa kungezua maswali ambayo yangewatia waumini dhaifu katika kishawishi. Aliahidi kuliombea. Odile aliitazama mikono ile safi. Akatoka, kwa kuwa maneno yote alikuwa nayo padri.

Ilibaki moja, ile ya sebuleni, iliyokuwa ikimtunzia kambale wake.

Jumatatu asubuhi, Édouard alipokwenda kusikiliza kesi ya kiwanja, Odile alitoa samaki wote, akawauza kwa bei ya hasara kwa wanawake wenzake, akafuta ndani kwa kitambaa mpaka harufu ikatoka. Alimwita fundi akashusha kioo kutoka juu ya bati. Alikodi mkokoteni wa pusupusu na vijana wanne wa kusukuma. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Mardochée kwa simu, kwa namba aliyoinakili kutoka simu ya Édouard, na lori lililokuwa likirudi Kisangani lilingoja ng'ambo, Alunguli.

Walimkuta Édouard njiani, karibu na kivuko, akirudi na wazee wenzake wawili. Aliiona kongelateri kwanza, ndipo akamwona mke wake nyuma yake, ameshika kioo kwa mikono miwili.

"Hii inaenda wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Murudishe nyumbani," Édouard aliwaambia vijana. Pusupusu ikasimama. Watu wa kivuko, ambao hawana kazi nyingi mpaka mtumbwi ujae, wakageuka kutazama.

"Édouard," Odile alisema. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu, na wale wazee wawili walitazama chini kana kwamba amevua nguo. "Hawa vijana nimewalipa miye. Kama unataka warudi, simama hapa uambie watu bei ulilipa. Halafu uwaambie bei uliuzia kanisa. Ukimaliza, tutarudi wote."

Hakupaza sauti. Édouard aliwatazama wazee, akawatazama watu wa kivuko, akaona mwanamke mmoja wa kwaya akiwa na mwavuli. Odile alimngoja. Alijua atafanya nini, lakini bado alitaka kuona kwa macho yake, kama mtu anayekandamiza kidonda.

Édouard alikohoa. Kisha akasogea pembeni, akaweka mkono juu ya kongelateri, akawaambia vijana kwa sauti yake ya darasani, "Muende polepole kwenye muteremuko. Ni mali ya wenyewe, isipate hata kovu." Na akawageukia wale wazee: "Walikosea bei kule Kisangani. Nimeona heri irudi."

Odile alisikia kila neno. Alishuka kwenye maji bila kugeuka, akapanda mtumbwi pamoja na kongelateri, akavuka.

Jumapili wageni wa jimbo walifika, wakala nyama iliyohifadhiwa baridi. Katika mahubiri Padri Zéphirin alisema juu ya uaminifu katika nyakati zetu, nyakati za simu. Alisema yuko muumini mmoja hapa hapa, mshauri wetu, aliyenunua chombo cha thamani, akagundua muuzaji amekosea, akakirudisha kwa gharama yake mwenyewe mpaka Kisangani. Hakusema kulikuwa na vyombo vitatu. Waumini walipiga makofi. Édouard aliinuka nusu, akaweka mkono kifuani, akaketi tena. Mwanamke aliyekaa karibu na Odile alimkumbatia bega na kumnong'oneza kwamba ana bahati.

"Umuchukue," Odile alimjibu.

Yule mwanamke alidhani ni mzaha, akacheka ndani ya kitambaa chake.

Hakumwacha mume wake. Watu wa rika lake hawaachani. Wanaishi nyumba moja kama wapangaji waliokosana. Alimpikia, akamwekea chakula mezani, akaenda kula jikoni. Kichwa cha samaki alikipeleka kwa jirani. Édouard alilalamika mara moja juu ya hilo, mara moja tu, kwa sababu mke wake alimtazama usoni, na yeye hakuwahi kumudu kutazamwa vile na mtu asiye na sababu ya kumwogopa.

Miezi ikapita. Mardochée alipiga simu siku ya soko, Odile akiwa ameinamia beseni, magamba mpaka viwikoni. Alisema kongelateri ilifika salama. Patron alikasirika, akatulia. Bei ya zile mbili zilizobaki patron anamkata yeye katika mshahara kidogo kidogo, na mpaka mwakani itakuwa imeisha. Odile akamwambia atamtumia samaki waliokaushwa kwa lori la kwanza, na kwamba hilo si malipo, ni aibu tu. Kijana akakataa, kisha akakubali.

"Mama, ku... kuko kitu ingine. Patron anataka kuandika barua ya shukrani. Yenye muhuri ya duka. Kwa sababu risiti ilitoka kwa jina ya bwana yenu, ataandika kwa Papa Mwalimu. Ninaomba adresi."

Odile alinyoosha mgongo. Mbele yake mteja alikuwa anabonyeza tumbo la kambale kwa kidole gumba, uso umekunjwa, akijitayarisha kusema kwamba jua limekwisha kupanda.

"Mwambie asiandike," alisema. "Ataitia mu kadri kama picha, ataitundika ukutani, na miye ndiyo nitakuwa ninaipanguza vumbi."

Kijana alicheka, akidhani ni mapenzi ya wazee. Odile alimtakia kazi njema, akaifunga simu, akamwambia mteja bei. Mteja akataja nusu yake. Ilikuwa saa tano imepita, na samaki walikuwa bado wengi.